Dumu la Pili

Habari hii ni ya nyumba moja mtaani kwetu, na wengi wenu mnaifahamu nusu yake. Ile nusu nyingine husemwa kwa kunong'ona, na ndiyo maana nimeona niiandike yote kwa utaratibu. Siiandiki ili mtu achekwe. Someni, kisha kila mmoja apime mwenyewe.

Asubuhi ile ua wa mwenye mashine ulikuwa umetulia. Mashine ya kusaga ilikuwa haijaanza kunguruma, na binti yake mkubwa, aliyekuja kwa wazazi kusubiri kujifungua mtoto wake wa kwanza, alikaa kwenye mkeka akikunja nguo ndogo ndogo. Kila alipomaliza kukunja moja, aliifungua tena akaitazama.

“Utazichakaza kabla mwenyewe hajafika,” mama yake alimwambia.

“Mama, hii mikono si mifupi mno? Kuna mtu ana mikono mifupi hivi?”

“Wewe ulikuwa nayo. Baba yako alidhani tumepewa wa mtu mwingine.”

Mwenye mashine alicheka kutoka mlangoni, unga umemkaa kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, sauti iliyozoea kushindana na kelele za mashine. Akaingia ndani, akabonyeza swichi. Mashine ikazunguka kidogo, ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Friji nayo ikatikisika na kutulia. Umeme ulikuwa umekatika.

“Wameanza,” alisema, akatoka nje kutazama barabarani kama mtu anayemngoja mgeni.

Mgeni alikuwa Bwana Taa. Hilo ndilo jina tulilompa mtunza jenereta wa hospitali ya jimbo, kwa sababu umeme ukikatika ndiye anayewasha mtambo ili wodi zipate mwanga. Alikuja akikokota baiskeli, nyuma kuna dumu lililofunikwa gunia.

“Leo umechelewa, Bwana Taa,” mwenye mashine alimwambia. “Wateja wangu watanikimbia.”

“Mzee, mimi nina mshahara wa mwezi gani mfukoni hata uniambie habari ya kuchelewa?”

Kinyozi wa jirani, ambaye naye alikuwa na jenereta yake ndogo, alichungulia kutoka kibandani. “Nibakizie kidogo. Nimemwacha mteja na nusu ya ndevu, na mtu mwenyewe anakwenda posa.”

Wakacheka wote. Mama mwenye nyumba hakucheka. Alimfuata mumewe hadi nyuma ya mashine.

“Hii dizeli inatoka wapi?”

“Unajua inakotoka.”

“Nataka uniambie wewe.”

“Inatoka serikalini, mama watoto. Mimi nalipa kodi kila mwaka. Basi hii ni kodi yangu inarudi nyumbani.”

Alisema hivyo kwa mzaha, na mzaha ule ukaenea mtaani. Fundi wa kuchomelea vyuma aliusema, mwenye duka la vinywaji baridi aliusema. Karibu kila mwenye injini alikuwa mteja wa Bwana Taa. Msiwe na haraka ya kuwahukumu. Mtu huyo alikuwa hajalipwa kwa miezi, na wateja wake walikuwa watu wa kawaida wanaotafuta unafuu. Hakuna hata mmoja aliyejiita mwizi.

Wakati huohuo redio ilikuwa haituachi tupumue. Ilidaiwa kwamba wakubwa wa serikali ya jimbo wametafuna fedha za hospitali. Ilidaiwa kwamba mafuta ya jenereta hulipiwa tangi zima na kuletwa robo, na kwamba mwenye zabuni ni shemeji wa mkubwa wa afya. Mkubwa mwenyewe akaja redioni, akasema hizo ni porojo za wasio na kazi. Maneno hayo yalitukera kuliko wizi wenyewe. Watu walilala wakinung'unika na kuamka wakinung'unika. Kwenye foleni ya maji palikuwa na ugomvi, kibandani kwa kinyozi ugomvi. Ilikuwa kama mtaa mzima umekalia siafu.

Hatimaye ikaamuliwa tukusanyike mbele ya ofisi za jimbo, zinazotazamana na lango la hospitali. Mwenye mashine akachaguliwa kuwa msemaji. Naye, kwa moyo wake wote, akajitolea kuleta jenereta yake juu ya mkokoteni ili spika zisikose umeme.

“Kesho usiniletee dumu moja,” alimwambia Bwana Taa. “Niongezee la pili, kwa ajili ya spika. Tutaongea mpaka watoke nje.”

Bwana Taa alikuna kichwa. “La pili, mzee? Kule tangini hakuna kitu sana.”

“Ndiyo maana tunaandamana.”

Madumu yote mawili yakaja.

Siku ya mkutano, binti alianza kuumwa uchungu kabla ya chai. Mama yake akampeleka hospitali. Muuguzi wa zamu, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, alimpima, akamwita daktari, kisha akawaambia kwamba mtoto amekaa vibaya na itabidi wampasue. Mwenye mashine alifika mbio, spika zikimngoja ng'ambo ya barabara.

“Nibaki?” aliuliza.

“Ukibaki utafanya nini, kumshika daktari mkono?” mkewe alimjibu. “Nenda. Mimi nipo.”

Binti, akiwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, alimshika baba yake kwenye ukosi wa shati. “Waambie na habari ya vyoo vya wodini, baba. Usisahau vyoo.”

“Nitawaambia vyote, mwanangu.”

Akavuka barabara. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye kituo cha mafuta. Jenereta ilikuwa inanguruma juu ya mkokoteni, na sauti yake ilipopanda tuliisikia ikirudi kutoka kwenye kuta za ofisi. Alisema vizuri, lazima nikiri. Alisema habari ya vitanda vya watu wawili wawili, habari ya dawa zinazoandikwa hospitali na kununuliwa nje. Pazia moja ghorofani likasogezwa, kisha likarudishwa. Watu wakazomea.

Katikati ya hotuba taa za ofisi zikazimika. Feni zilizoonekana madirishani zikasimama. Upande wa pili, hospitali nayo ikazimika. Spika peke yake ndiyo iliyoendelea.

“Mnaona?” mwenye mashine alisema. “Hata umeme unawakimbia.”

Tukacheka, tukisubiri kusikia mtambo wa hospitali ukiwaka kama kawaida. Ulikohoa mara moja, ukanyamaza. Ukakohoa tena. Halafu kimya.

Yule muuguzi alitoka getini akikimbia, amevaa kofia ya upasuaji, akapasua umati hadi kwenye mkokoteni.

“Mtambo hauwaki. Tangi ni tupu.”

Umati ukalipuka kwa hasira. Mwenye mashine akainua kipaza sauti. “Mmesikia wenyewe, ndugu zangu. Tangi tupu. Huu ndio ushahidi wa—”

Muuguzi alimnyang'anya kipaza sauti mkononi. “Sikuja kuleta ushahidi,” alisema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote. “Nimekuja kutafuta mafuta. Tuna mtu amefunguliwa tumbo kule ndani. Tunamulika kwa simu.”

Hakuna aliyehitaji kuuliza mtu huyo ni nani. Mwenye mashine aligeuka kutazama madirisha ya hospitali.

Hapo Bwana Taa akajitokeza. Sijui alikuwa amesimama wapi. Alikuwa na mpira mwembamba umekunjwa mfukoni mwa koti, kama wengine wanavyobeba leso. Alifungua kifuniko cha jenereta ya spika, akatumbukiza mpira, akavuta pumzi moja, akauelekeza kwenye dumu tupu lililokuwa mkokotenini. Tone halikumgusa mdomo. Alifanya haraka na kwa ustadi, mbele ya macho ya watu wote, na kila aliyemwona alielewa kwamba ile haikuwa mara ya kwanza wala ya ishirini. Spika zikakatika. Katika kimya kile tukasikia dizeli ikitiririka.

Yeye na mwenye mashine wakalibeba dumu wakikimbia, wameshika mpini mmoja kama watu wanaogombea mzigo. Lakini injini ya dizeli ikiishiwa kabisa huvuta hewa ndani ya mabomba, na hewa hiyo lazima itolewe kwanza. Ukimimina mafuta tu, haiwaki. Mwenye mashine alilijua hilo, maana alikulia kwenye injini. Wakapiga magoti pande mbili za mtambo, mmoja amelegeza nati, mwingine akipampu kwa mkono, povu likitoka badala ya mafuta.

“Jana tangi lilikuwa na kiasi gani?” mwenye mashine aliuliza bila kuinua uso.

“Usiniulize sasa, mzee.”

“Nakuuliza. Jana lilikuwa na kiasi gani?”

“Ya kutosha kuwasha leo,” Bwana Taa alisema. “Kabla ya dumu la pili.”

Mwenye mashine akaendelea kupampu. Povu likapungua, likarudi, likapungua tena. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi akiwatazama, mikono amejikumbatia. Mwishowe mafuta yakatoka safi. Wakakaza nati, mtambo ukawaka, na mwanga ukarudi madirishani.

Binti alinusurika. Mtoto alikuwa wa kiume. Alitolewa akiwa amechoka, na mashine ya kumvuta maji kooni ilikuwa imesimama muda wote ule ambao povu lilikuwa likitoka. Daktari alimpulizia kwa mdomo wake mwenyewe. Hakulia.

Ndugu zangu, kifo kile kilitikisa jimbo zima. Redio zikakisema, magazeti yakakisema, na serikali ya jimbo ikalazimika kuunda kamati ya kusikiliza wananchi katika ukumbi wa mikutano. Msemaji wetu alitakiwa kuwa shahidi wa kwanza. Tulimwona kama silaha yetu. Nani angethubutu kumbishia babu wa yule mtoto?

Kinyozi alikwenda kumtembelea usiku wa kuamkia kikao. “Mzee,” alimwambia, “kesho sema ya kwao tu. Ukitaja na yetu utawapa upenyo. Watasema wananchi ndio wezi, na wao watatoka wakijipangusa midomo.”

“Huenda ikawa hivyo.”

“Si huenda. Ndivyo itakavyokuwa. Na Bwana Taa tutamfichaje? Ana watoto.”

Mkewe ndiye aliyejibu, kutoka jikoni. “Huyu naye alikuwa na mjukuu.”

Binti alikuwa kitandani, mlango wazi. Aliita kwa sauti ndogo, na baba yake akaenda kukaa kwenye ukingo wa kitanda. Siku zote hizo hakuwa amemuuliza kitu.

“Ni kweli ilikuwa dizeli yetu?” aliuliza.

“Haikuwa yetu, mwanangu. Ndilo kosa lenyewe.”

Binti akageukia ukutani. Baba alikaa pale mpaka akasikia amelala.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mkubwa wa afya alikuwa ameketi mbele, wakili wake pembeni. Mwenye mashine aliposimama, hakuhitaji kipaza sauti.

“Nilinunua dizeli ya hospitali,” alisema. “Nilinunua mwaka mzima. Siku moja kabla ya mjukuu wangu kuzaliwa niliomba dumu la pili, na hilo ndilo lililomaliza tangi. Bwana Taa aliniuzia, lakini mimi ndiye niliyemwambia aongeze.”

Minong'ono ikazagaa. Nyuma yangu mtu alisema, “Ametumaliza.” Mwingine akasema ameshanunuliwa. Kinyozi aliinamisha kichwa. Mkubwa wa afya alimnong'oneza wakili wake, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, akatabasamu. Kisha akaomba nafasi.

“Nashukuru kwa ukweli wa mzee huyu,” alisema. “Wananchi wamejionea wenyewe tatizo liko wapi.”

Mwenye mashine alikuwa bado hajaketi.

“Sijamaliza, mheshimiwa,” alisema. “Lile tangi linajaa madumu mangapi unalijua wewe kuliko mimi. Sisi mtaa mzima, kwa baiskeli moja, hatuwezi kulimaliza kabla ya lori kurudi. Mafuta yalikuja robo. Robo tatu hazikufika kwetu. Mimi nimesema yangu, na nitafungwa kama ni kufungwa. Sasa simama useme yako.”

Tabasamu likabaki usoni mwa yule mkubwa kwa kitambo, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Alimtazama wakili. Wakili alitazama makaratasi. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama sasa, na safari hii hakuna aliyezomea. Tulikuwa tunangoja tu. Hakusema kitu, na kila mtu aliona kwamba hakusema kitu.

Funzo

Kesi ya mkubwa yule bado iko mahakamani, na sitaitangulia mahakama. Bwana Taa alifukuzwa kazi, akahukumiwa kifungo cha nje. Mwenye mashine alilipishwa faini, na binti yake alirudi kwa mumewe bila kuaga vizuri.

Ninalotaka mlishike ni hili. Wizi wa wakubwa ni wizi, na hauwi mdogo kwa sababu na sisi tumedokoa. Lakini mali ya hospitali haigeuki kuwa yetu kwa sababu wakubwa wameanza kuila. Ile iliyobaki baada ya wao kula ndiyo inayomtunza mgonjwa, na ndiyo tuliyokuwa tunainunua kwa bei nafuu huku tukicheka. Kila unafuu usiojulikana ulikotoka, uliza kwanza. Na ukitaka kumwambia mkubwa arudishe, hakikisha kwanza mikono yako haina harufu ya kile unachomdai. Kama inayo, iseme harufu hiyo kabla hujamdai, hata kama majirani watakununia. Mwenye mashine aliisema. Alichelewa, na aliyelipa gharama ya kuchelewa kwake hakuwa hata amepewa jina.