Gari Lililogeuka kwa Magurudumu Yote

Sokoni mjini Coventry, vita vikinukia na watu wakigombea viazi, Clem Hobley alimkanyaga binti mguu.

"Hayo ni macho au vifungo vya koti?" binti aling'aka. Koti la kijani, kofia upande, matufaha yametapakaa chini.

"Macho, dada. Yamekuona wewe, miguu ikasahau njia."

Binti akacheka, na Clem akawa amekwisha. Kumbe Enid alinakili michoro katika kiwanda kilekile ambako Clem alijaribu magari. Walikuwa wakiunda gari dogo la deraya la upelelezi wa jeshi. Injini ilisukuma magurudumu manne, na yote manne yalifuata usukani. Clem alilichezesha uani, Enid akimpungia mkono dirishani.

Siku moja afisa wa jeshi aliuliza, "Askari mgeni ataliweza hili?"

Clem alijua kwamba konani, ukiwa na kasi, nyuma huchota, yaani huteleza pembeni hata gari likaweza kupinduka. Lakini Enid alikuwa anamtazama.

"Hata bibi yangu, bwana!"

Wote wakacheka. Majira ya baridi, Reg, mdogo wake Enid, aliyekuwa akijifunza udereva jeshini, alipinduka nalo konani. Madaktari wakamkata mguu.

Clem akaacha kumtafuta Enid. Mwishowe Enid akapiga simu kwenye nyumba alikopanga Clem.

"Umepata mwingine, sema tu."

"Sina mwingine."

"Basi nini, mpenzi wangu?"

"Mguu wa Reg ni kosa langu." Akamweleza yote aliyomficha afisa. Enid akakata simu.

Kesho yake Clem alimwomba mhandisi mkuu ayafunge magurudumu ya nyuma yasigeuke.

"Mbona madereva wangu hawalalamiki?"

"Kwa sababu ni madereva, bwana."

"Basi mpe usukani asiyejua." Ilikuwa sauti ya Enid mlangoni, vidole vyeusi kwa wino, macho yamevimba.

Mkuu aliguna, akakubali. Enid akashika usukani kwa mara ya kwanza maishani. Clem akaketi kando yake, mikono ameikalia asije akamsaidia.

"Naogopa, Clem."

"Hata mimi. Kata kona."

Alikata. Nyuma ikachota, ikafagia mapipa, ikasimama karibu kabisa na ukuta. Mhandisi mkuu alikuwa amepauka. Akaamuru magurudumu yale yafungwe.

Ndani ya gari Enid alikuwa analia. Clem naye akalia.

"Sistahili kukuuliza," alisema, "lakini utakubali nikuoe?"

"Nakupenda, mjinga wewe. Ila mguu haukuwa wangu. Kamwambie mwenyewe kwanza."

Clem akaenda hospitali, kofia mkononi. Reg alipomwona uso ulimchanua, akajiinua juu ya mto.

"Afadhali umekuja, shemeji! Wewe ndiye bingwa wa lile gari. Kila siku najiuliza, wala sipati jibu. Hebu niambie, pale konani nilikosea wapi?"

Clem akavuta kiti karibu na kitanda.

"Hukukosea, Reg," alisema.