Komeo Lilipoifunga Makorora

Komeo liliufunga mtaa wa Makorora kwa kufumba na kufumbua. Ukutani, ramani ya Tanga iliwaka taa kila mahali, ila hapo pakabaki doa jeusi.

"Wamekamatwa!" Kijazi alipiga makofi. "Mhandisi, mashine yako ina wivu kuliko mke mdogo."

Mhandisi Sikudhani hakucheka. Komeo, akili-mashine inayolinda mtandao wa simu wa jiji, alilifunza yeye mwenyewe: simu zikimiminika kwenye namba moja na kukatika kabla ya kupokelewa, hiyo ni hujuma ya kuuziba mtandao, funga zinakotoka. Lakini Makorora ndiko kwao. Mdogo wake Zaituni alikuwa huko, mimba imetimia, na siku hizi gari la wagonjwa haliji bila kuitwa kwa mtandao.

"Fungua, Kijazi."

"Dada Siku, hujuma ikiwa ya kweli jiji zima linanyamaza, na hospitali zote. Liache lihakiki."

Wakasubiri. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaadhiniwa, doa liko palepale. Sikudhani akashindwa kuvumilia.

"Basi nionyeshe wanaopiga!"

Majina yakatiririka ukutani: Mama Hatibu wa sambusa, Fundi Shekue, mabinti wa saluni ya kona.

"Maharamia gani hawa?" Kijazi alikuna kichwa. "Huyu Mama Hatibu si ndiye gazeti la mtaa?"

Sikudhani aliwajua wote, majirani wa kwao. Kupiga simu kulikuwa bure miaka mingi sasa, ila Makorora bado walibipu: simu iite mara moja, wakate. Mtu yuko kazini humpigii ukamsumbua. Unambipu, akipata nafasi atapiga.

"Wanambipu nani?"

Komeo likataja namba. Ilikuwa yake. Simu yenyewe ilikuwa kabatini, nje ya mlango, kama sheria ya chumba cha mitambo inavyotaka.

Aliufungua mtaa kwa mkono wake mwenyewe, akampigia Mama Hatibu kwa simu ya mezani.

"Mama, ni Siku! Gari la wagonjwa limefika?"

"Gari gani, mwanangu? Uchungu ulipomshika tulianza kukubipu wewe, mtaa mzima. Tulipotaka kuita gari, simu zote zikafa."

Nyuma ya sauti yake, Makorora ile ya makelele ilikuwa kimya.

"Mpe Zaituni simu."

Mama Hatibu alikohoa kidogo.

"Wewe njoo, mwanangu. Njoo tu nyumbani."