Chakula cha Mafundi Miamvuli

Jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani kwa yule mpimaji ardhi ni mwanyumba wake, mume wa dada wa mkewe, kuikalia rimoti. Aliikalia huku akiitafuta, akiinua mito, akimshuku mtoto, akihubiri jinsi nyumba isiyo na mwanamke inavyopoteza vitu. Alipoinuka kufuata biskuti nyingine, rimoti ikaonekana imelala kwenye shimo aliloliacha kochini. Mpimaji aliiacha hapo hapo. Tangu afiwe na mkewe alikuwa amegundua kwamba mpumbavu hahitaji kusaidiwa. Ukimnyamazia, anajimaliza mwenyewe.

Walikuwa wamekuja kumchukua mtoto. Hawakusema hivyo, bila shaka. Walisema wamekuja kumjulia hali. Lakini shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa amekuja na begi tupu, na mtu hatembei na begi tupu kwa ajili ya salamu. Mumewe aliitwa Wakili, ingawa kazi yake ilikuwa kuuza bima, na hata hizo aliziuza kwa ndugu tu, maana wageni walikuwa na akili. Mama mkwe alikaa karibu na dirisha, mikono mapajani, kimya. Yeye peke yake Mpimaji hakumdharau.

"Tumwekee mtoto katuni," shemeji alisema. "Achangamke kwanza, halafu wakubwa tuzungumze."

Hongo. Mpimaji aliliona hilo waziwazi kama nguzo ya mpaka. Binti yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Kidoti, alikuwa hajaomba katuni tangu msiba. Sasa alikuwa ameketi chini kwenye zulia, karibu na televisheni, akisubiri kwa adabu ya kuumiza.

Katuni ilikuwa ya Kijapani, sinema ndefu ya familia, kwenye flashi aliyoiacha mama yake. Ilihusu mafundi miamvuli wanaoishi kwenye kilima kisichokauka mvua: babu, baba na wavulana wawili. Mpimaji hakuwahi kuitazama. Alikuwa akiisikia tu kutoka chumba cha kazi, kwa sababu katika nyumba ile katuni haikusikilizwa kwa sauti yake yenyewe. Marehemu alizima sauti. Alisoma maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini, akawasemesha wote kwa Kiswahili: babu kwa koo la kikohozi, wavulana kwa pua, mvua kwa ulimi. Kidoti hakujua katuni nyingine zaidi ya hiyo, iliyosemwa na mama yake.

"Zima sauti," shemeji aliamuru. "Mimi ndiye nitakayewasemea. Damu ni moja."

Damu ilikuwa moja. Kiingereza hakikuwa kimoja. Shemeji hakuweza kusoma hata nusu ya maandishi yale, lakini debe tupu haliachi kuvuma. Aliwasemea mafundi miamvuli kama watu wanaogombea urithi. Babu alidai kiwanja. Baba alimwambia babu atoke kwa heshima. Mvulana mdogo, ambaye kwenye picha alikuwa anamtafuta kobe wake tu, alitishia kwenda mahakamani.

"Hapo sawa," Wakili alisema, mdomo umejaa. "Ana haki huyo."

"Sivyo, mama mkubwa," Kidoti alisema kwa upole. "Anamwita kobe."

"Kobe naye atapata fungu lake, mwanangu. Tazama."

Mpimaji alitazama ukuta. Alifikiria kwamba hawa ndio wanaotaka kumlea binti yake, na moyo wake ukawa mgumu. Alikuwa ameshaliandaa jibu. Lilikuwa fupi na halikuwa na adabu.

Kwenye picha, mvua ikakatika. Familia ikaingia ndani kula. Wakakaa chini, kuizunguka meza fupi. Kisha mlango wa karatasi ukasogea pembeni, akaingia mwanamke na sinia. Alikuwa amewapa mgongo watazamaji.

"Ehe, na mama mwenye nyumba huyo," shemeji alisema, akachukua biskuti.

Kidoti aligeuka, akamtazama baba yake. Alikuwa amekunja uso, kama mtu aliyerudishiwa chenji isiyo yake.

"Baba," alisema. "Huyu hayumo humu."

"Tazama tu, mama."

Mwanamke wa kwenye picha aliinama, akaanza kupanga mabakuli.

"Sogeeni, jamani. Mwanangu hana pa kukaa."

Sauti ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo kidogo. Mkwaruzo ule marehemu aliupata miezi ya mwisho, wodini. Mpimaji alimgeukia shemeji yake kwa hasira. Shemeji alikuwa anatafuna. Midomo yake ilikuwa imefumba, mashavu yamejaa biskuti, na macho yalikuwa yamemtoka.

Kwenye kona ya televisheni, alama ya sauti iliyozimwa ilikuwa bado inaonekana.

"Zimeni simu zenu," Mpimaji alisema.

Wakatazamana.

"Mlimrekodi wodini. Mmekuja kunitisha na sauti yake ili nitoe mtoto. Wekeni simu mezani."

Waliziweka. Wakili aliweka yake kioo kikiwa juu. Zote zilikuwa nyeusi, zimetulia. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa bado anapanga mabakuli, polepole. Babu, baba na wavulana walikuwa wameacha kula. Walikuwa wamesogea. Kati yao palikuwa na nafasi.

"Kidoti. Njoo ukae."

Mtoto alisimama.

"Usimwitikie," mama mkwe alinong'ona toka dirishani. Hakuwa amesema kitu tangu afike. "Mjukuu wangu, usiitike."

Kidoti hakuitika. Alitembea tu. Alifika kwenye televisheni, akainua mguu, kama anayevuka kizingiti.

Mpimaji alimdaka kiunoni. Alikuwa mzito. Mtoto yule, ambaye baba alizoea kumbeba kwa mkono mmoja, alikuwa mzito kama mtu anayevutwa upande wa pili. Kwa mkono mwingine alichomoa waya ukutani. Picha ikakatika. Uzito ukaachia, wote wawili wakaanguka, zulia likawapokea.



Kisha, kwenye chumba chenye televisheni iliyokufa, karibu sana, kama mtu aliyesimama nyuma ya kochi, sauti ikasema bila kinyongo:

"Haya. Kesho basi."

Wakili alikuwa wa kwanza kutoka, na hakusahau simu yake. Shemeji alibaki mlangoni, machozi yakiosha makombo ya biskuti.

"Shemeji, nipe mtoto. Sikuombi abaki kwangu daima. Kwa leo tu, alale kwangu."

Mpimaji alicheka. Ndicho kicheko chake cha kwanza tangu msiba, na kilikuwa kibaya.

"Mmeshindwa kwa maneno, mkaja na kinyago. Mwambie mumeo ajaribu biashara ya maigizo, huenda huko atauza. Nitakitafuta hicho kispika mlichoficha, na nikikipata nitakuletea mbele ya majirani zako."

"Hatukuficha kitu, baba," mama mkwe alisema, akipita. Alimgusa mkono. "Nilimzaa mimi. Naijua sauti ya mwanangu. Na alipokuwa hai hakuwahi kuita mara moja akaacha."

Mpimaji akafunga mlango. Alijiambia kwamba huzuni imemzeesha yule mama. Alimlaza Kidoti kitandani kwake, akalala ubavuni mwake, mkono wa mtoto ndani ya wake.

Asubuhi jua lilipochomoza alimwacha amelala, akaenda sebuleni kutafuta kispika. Alifanya kama anavyofanya kazi yake, kutoka pembe hadi pembe. Alipindua kochi. Alifungua mgongo wa televisheni kwa bisibisi. Hapakuwa na kitu. Akarudisha waya, akawasha katuni, akaiacha bila sauti, akaitazama yote, kwa mara ya kwanza, kama mtu anayehakiki ramani ya mpinzani.

Babu. Baba. Wavulana. Kobe.

Mvua ikakatika. Wakaingia, wakakaa. Mlango wa karatasi haukusogea. Hapakuwa na mwanamke. Hakutajwa, hakuonekana, hata kivuli chake, hadi majina ya wachoraji yalipopita.

Alirudisha nyuma hadi chakulani, akaisimamisha picha. Kila mmoja alikuwa na bakuli na vijiti vyake vya kulia. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mdogo. Mbele ya nafasi hiyo palikuwa na bakuli jingine, tupu, limekwishatumika. Halikuwa na vijiti. Lilikuwa na kijiko.

Binti yake hakujua kutumia vijiti.

Hakuzima televisheni. Alikwenda chumbani. Kidoti alikuwa ameamka, amekaa ukingoni mwa kitanda, akining'iniza miguu. Mpimaji alichukua nguo zake kabatini, akazitia kwenye mfuko bila kuzikunja, akambeba, akatoka bila kufunga mlango.

Shemeji alifungua mlango wa kwake akiwa bado na khanga ya kulalia. Mpimaji alikuwa na maneno mengi aliyomwandalia mwanamke huyu kwa miezi. Alimnyooshea mfuko wa nguo.

Shemeji naye hakumsuta. Aliupokea.

"Ingieni. Mtoto hajala chochote huyu, najua wanaume. Nimkorogee uji?"

"Nimeshakula, mama mkubwa," Kidoti alisema.

Mpimaji hakuwa amewasha jiko asubuhi ile. Alimgeuza mtoto uso kwenye mwanga. Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na punje moja ya wali.

Aliifuta kwa kidole gumba kabla shemeji yake hajaiona. Ilikuwa bado ya moto.