Sarafu ya Kijani ya Bi Odalie

Ijumaa, saa nane na dakika arobaini mchana, ukuta uligongwa mara tatu. Sajenti mstaafu Ursin Labauve aliweka gazeti chini akaguna. Yeye na Bi Odalie Guidry waligawana nyumba moja ya mbao, kila mtu upande wake, na kwa miaka tisa ukuta ule ulikuwa haujawahi kumletea habari njema.

"Sajenti! Sarafu yangu imeibwa!"

"Ile ya bati?"

"Ya alumini! Njoo!"

Ursin alitafuta viatu huku akilaani. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amelinda magwaride ya kanivali hapa New Orleans, miguu imevimba, akitazama watu wazima na akili zao wakipigana vikumbo kwa ajili ya visarafu vinavyorushwa kutoka juu ya magari, visivyonunua hata mkate. Alipostaafu aliapa kwamba basi. Kisha, kwa bahati yake, akahamia ukuta mmoja na mkusanyaji mwenye makopo arobaini ya visarafu hivyo.

Hii ya kijani, hata hivyo, ilikuwa na uzito wake. Kila mwaka chama cha kanivali cha Melusina hurusha sarafu tatu tu za kijani, zote kwenye kona moja. Anayeirudisha Jumamosi baada ya Jumatano ya Majivu, kabla ya saa sita mchana, mwaka unaofuata hupanda gari la gwaride, avae kinyago, arushe badala ya kurushiwa. Mwaka huu Bi Odalie, mwenye miaka sabini na minne na goti bovu, alikuwa ameidaka moja hewani. Baba yake alitembea miaka ishirini na miwili mbele ya magari hayohayo akibeba mwenge, mafuta ya moto yakimdondokea shingoni.

"Kwetu wote tumepita chini," Bi Odalie alipenda kusema. "Mmoja apite juu."

Alimpokea Ursin mlangoni na fimbo yake. "Angalia ngazi! Nimezisugua asubuhi kwa unga wa matofali."

Ngazi zilikuwa nyekundu kweli, isipokuwa daraja la pili, penye baka jeupe la ukubwa wa kiganja, limekwanguliwa.

"Hapa umesahau?" Ursin aliuliza.

"Mimi nisahau? Nani kanikwangulia ngazi yangu?"

Ursin aliinama, akapapasa, akaandika kwenye daftari.

Sarafu ilikuwa ndani ya bakuli la sukari, kabatini, ukumbini. Wageni walikuwa watatu, wenzake wa chama cha wakusanyaji, wale anaosimama nao kona ile kila mwaka. Walifika saa sita, wakala kamba wa mtoni jikoni, wakaondoka saa nane.

"Walijua iko wapi?"

"Niliwaonyesha."

"Bi Odalie! Uliwaonyesha na bakuli?"

"Sasa ningewaonyesha nini, sarafu bila bakuli?"

Ursin alifumba macho kidogo. "Nani alitoka jikoni?"

"Lucien alitoka kuvuta sigara. Marcelite alitoka kuzungumza kwenye simu. Zeringue hakuinuka hata mara moja. Yule akiona kamba hainuki."

"Uliisafisha sarafu yenyewe?"

"Ya nini? Ilitua mkononi mwangu. Haina hata alama."

Kufikia jioni Ursin alikuwa amewahoji wote watatu, kichwa kikimuuma. Zeringue, kinyozi mnene, aliendelea kunyoa.

"Wewe una sarafu ya kijani?"

"Hata padri simwambii. Kesho utaona."

Lucien Bougere, dereva mstaafu wa tramu, alimjibu kupitia dirisha. "Mkusanyaji hasemi kabla ya siku. Odalie alisema, umeona yaliyompata?"

Marcelite Duplantier, fundi wa mavazi ya kanivali, alikuwa na pini mdomoni. "Sajenti wangu, muulize Zeringue kwanza. Ana mikono mirefu."

"Nyie watu mnanichosha," Ursin alisema, na alimaanisha.

Jumamosi, saa tano na nusu, kwenye ghala la Melusina, sarafu tatu za kijani zilikuwa mezani mbele ya katibu, Bwana Fortier. Zeringue alileta moja isiyo na alama, Lucien moja na Marcelite moja, zao zote mbili zimekwaruzwa. Bi Odalie alisimama mikono mitupu.

"Tatu zilirushwa, tatu zimerudi," katibu alisema. "Pole, bibi."

"Ile safi ni yangu!" Bi Odalie alimnyooshea Zeringue fimbo. "Mwizi wewe! Umekula kamba wangu!"

"Niliidaka hewani kama wewe! Kwani hewa ni yako?"

"Nyamazeni!" Ursin alipiga meza. "Zeringue hakuinuka kitini. Nyie wawili, mlizipataje?"

"Ilianguka, nikaikanyaga," alisema Lucien.

"Na mimi hivyohivyo," alisema Marcelite.

Hakuna aliyeshangaa. Mjini hapa sarafu ikianguka huinami, vidole vitasagwa. Unaiwekea mguu kwanza, umati ukisogea ndipo unaiokota. Ursin alichukua sarafu ya kawaida kwenye kikapu cha katibu, akaitupa sakafuni kwenye saruji.

"Bwana Fortier, ikanyage. Zungusha mguu. Haya, okota."

Upande wa chini ulikuwa na mikwaruzo. Upande wa juu, uliogusana na soli ya mpira, ulikuwa na vumbi tu. Ursin aligeuza sarafu ya Lucien. Ilikuwa vilevile. Akageuza ya Marcelite: pande zote mbili zimekwaruzwa.

"Ilikanyagwa mara mbili," Marcelite alisema haraka. "Iligeuka."

"Inawezekana. Basi tuone uchafu wake." Ursin alichokoa kati ya herufi kwa pini, akagonga juu ya karatasi nyeupe; likadondoka vumbi jekundu. "Lami ya barabarani ni nyeusi, Bi Marcelite. Huu ni unga wa matofali. Hukuzungumza kwenye simu. Uliogopa Odalie angewapekua kabla hamjatoka, ukaisugua kwenye ngazi yake ili ukikutwa nayo useme si ile safi ya kwake, ni yako uliyoikanyaga."

Marcelite alikaa chini. Alipozungumza, hakumtazama Ursin.

"Ilinigonga mimi kidoleni kwanza, Odalie! Nilikuwa mbele yako. Miaka thelathini nawashonea hawa satini, nawapima viuno, hakuna aliyewahi kuniambia panda."

"Ungeniambia," Bi Odalie alisema. "Baba yangu alikufa na makovu shingoni. Ulijua. Ukala mezani kwangu, ukatoka ukaiharibu."

"Niite polisi?" katibu aliuliza.

Bi Odalie aliichukua sarafu yake iliyokwaruzwa, akaisogeza mbele ya katibu. "Hapana. Atanishonea vazi. Na kila kipimo aje anipimie nyumbani, apande ngazi zile."

Mwaka uliofuata, Jumapili saa moja usiku, Ursin alisimama kwenye kona ya sarafu za kijani, akijilaumu kwa kuja. Marcelite alikuwa kando yake, vidole vimekwaruzwa na sindano za kushonea vazi lile. Wabeba mienge walipita kwanza. Nyuma yao likaja gari, na juu yake kinyago cha dhahabu na fimbo.

Bi Odalie hakurusha kitu. Alikuwa amewageukia wabeba mienge, ameweka mkono shingoni.

Miaka thelathini na mmoja Ursin alikuwa amewasikia watu wakipiga kelele za kuomba warushiwe na kuwaona wapumbavu. Sasa alijikuta amenyoosha mikono yote miwili.

"Nirushie kitu, bibi!" alipaza sauti. "Nirushie!"