Andika Mara Moja, Rumaisa

Rumaisa na mumewe Yasir ni watu wa Mombasa. Wanaishi Al Twar, Dubai. Rumaisa alikuwa akipakia masanduku katika ghala la matunda, Jebel Ali. Kisha akahamishiwa ofisini, kwa majaribio ya miezi miwili.

Kazi yake mpya ilikuwa ripoti ya malori. Ripoti hiyo ina maelezo ya kusomwa na watu. Katikati ya maelezo mna vipande vinne vya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta. Kila kipande hutoa jedwali lake la saa za malori kufika ghalani.

Ramadhani ikaingia. Lango la ghala likawa linafungwa saa nane mchana badala ya saa kumi na moja. Rumaisa akabadilisha saa kwenye ripoti. Majedwali matatu yakawa sawa. La nne likaita malori saba saa kumi. Madereva wakakuta lango limefungwa.

"Ikikosea tena, utarudi kwenye masanduku," sir, mkubwa wake wa ofisini, alimwambia.

Jioni alimsimulia Yasir, macho yamemwiva kwa machozi.

"Kosa moja haliachi mke," Yasir akamtania.

"Wewe cheka tu! Sir hakunioa."

Jirani yao Masuda aliingia kurudisha sahani ya futari. Masuda ni Mzanzibari, na kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Akaitazama ripoti kwenye kompyuta ya Rumaisa.

"Saa ya kufunga umeiandika wapi?"

"Mwanzo wa kila kipande. Nilinakili mara nne, moja nikaisahau. Kwani kipande cha pili hakijui kilichoandikwa kwenye cha kwanza?"

"Hapa hakijui. Kila kimoja huendeshwa peke yake. Lakini shoga yangu, ukipika wali na mchuzi, unakuna nazi mara mbili?"

"La! Nakuna mara moja, natilia kila chungu."

"Basi ndiyo hivyo. Andika kipande kimoja cha matayarisho: saa ya kufunga na orodha ya malori. Kipe jina. Juu ya kila kipande kingine andika jina hilo tu. Kompyuta itayachukua matayarisho yenyewe."

"Na nikikosea humo?"

"Majedwali yote yatakosea. Kwa hiyo kagua hapo kwanza. Ni pahala pamoja tu."

Rumaisa akafuta nakala zote nne, akaandika kipande kimoja cha matayarisho, na jina lake akaliweka juu ya kila kipande. Kwa kutaka kujua, akajaribu kuandika humo saa sita. Majedwali yote yakageuka. Akajaribu saa saba. Yakageuka tena. Alifurahi mno, hata chai ikampoa.

Baada ya Idi, sir alisimama nyuma ya kiti chake.

"Yalla, saa zimerudi za kawaida. Nipe ripoti."

Rumaisa akabadilisha namba moja. Sir akapitisha kidole kwenye jedwali la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Yote yalikuwa sawa. Kisha akamtazama miguuni.

"Jumatatu usije na buti," alisema. "Hizo ni za watu wa ghalani."