Mashine Iliyozimika Katikati

Kila alasiri, kabla ya kugusa madaftari ya shule, Eliane alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu mwingine: kupangusa vumbi sebuleni. Na vumbi la mtaa wa Kimanga, anayelijua analijua. Lori likipita barabarani, unalila ukiwa umekaa kwako. Ndiyo maana nyumbani kwao kila chombo kilikuwa na kitambaa chake cha kufuma: viti, redio, meza, hata ndoo ya maji ya kunywa. Eliane alikuwa na miaka kumi na miwili, na vitambaa vingi alivifuma mwenyewe, akifundishwa na shangazi yake Louise, aliyeishi nao.

"Chombo kikikaa uchi," shangazi alipenda kusema, "wageni watadhani nyumba haina mwenyewe."

Mama yao, Charlotte, alifariki wakati mdogo wake Eliane, Aline, alipokuwa bado mtoto wa kunyonya. Sasa Aline alikuwa na miaka sita, naye alimjua mama kwa picha moja tu iliyotundikwa ukutani. Lakini ilikuwapo diski ya video. Ilirekodiwa siku kwaya ya parokia ilipokwenda kuimba kule Sange, na mama ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo. Dekki ya kuichezea ilikufa mwaka maji ya mto yalipoingia ndani ya nyumba, na diski yenyewe ilikuwa imeanza kuchubuka ukingoni.

"Papa, mama alikuwa anaimba namna gani?" Aline aliuliza jioni moja.

Papa Cyprien alikuwa seremala, mtu wa kujibu haraka. Siku hiyo aliinua macho akaitazama ile picha ukutani. Kesho yake akaenda kumwona Fundi Basile.

Basile alikuwa kijana wa Makobola aliyefungua kibanda cha kutengeneza simu na redio kando ya barabara. Alikuja na kompyuta ya zamani ya ofisini ambayo papa alikuwa ameilipia, bapa kama sanduku la nguo, na mfuko wa vipuri vilivyokwisha kutumika. Hifadhi ya kutunzia picha na nyimbo aliitoa kwenye laptopu iliyovunjika kioo.

"Papa Eliane, kwa vitu hivi nitawatengenezea mashine ya sinema," alisema. "Tutaiunga na televisheni. Mkiwa na mega za simu, mtatazama vya intaneti. Mkikosa mega, mtatazama vilivyomo ndani. Na diski ya Mama Eliane tutainakili humo. Diski ikifa, sauti itabaki."

Basi akakaa chini, akafungua skurubu, akaanza kazi. Alikuwa mtu wa kimya, huyo Basile. Ukimuuliza kitu anaguna. Eliane alimtazama kwa jicho la pembeni, kwa sababu kwake yeye mtu asiyesema ana jambo analolificha. Na kweli, akamwona! Basile alichomoa sehemu ya kusomea diski, ile yenye mlango mdogo uliokuwa na doa la rangi nyeupe. Akaigeuza, akatazama mlangoni pa nyumba, akaitumbukiza ndani ya mfuko wake. Kisha akachomeka nyingine isiyo na doa. Eliane akalimeza jambo hilo, akasubiri.

Mashine iliwekwa mezani chini ya televisheni, na jioni hiyohiyo papa akanunua mega atazame mpira. Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Kipindi cha pili, timu yake ikiwa inakaribia goli, pu! Kioo cheusi.

"Umeme umekwenda!" papa alilalamika. Lakini balbu juu ya kichwa chake ilikuwa inawaka.

Jumamosi waliweka diski. Kwenye kioo mstari wa kunakili ulianza kutambaa polepole, na Aline akakaa mbele yake amekumbatia magoti. Mstari ulipofika nusu, pu! Kila kitu kikazimika. Walijaribu tena baadaye, mambo yakawa yaleyale. Aline akalia hadi akalala. Papa alipoitoa diski na kuiinua mwangani, aliona ule mchubuko umesogea ndani kidogo.

"Diski hii haitavumilia kuingizwa na kutolewa kila siku," alisema. "Ikishindikana mara mbili tatu tena, basi mama yenu tumempoteza mara ya pili."

Basile akaipeleka mashine kibandani kwake. Akairudisha kesho yake, akikuna kichwa.

"Kwangu imefanya kazi asubuhi mpaka jioni, haikuzimika hata mara moja," alisema. "Iko nzima kabisa."

Iko nzima! Jioni ile ikazimika tena kabla shangazi hajamaliza kutazama mahubiri yake. Ndipo shangazi Louise alipoanza. Alipenda kusema, na akianza haachi.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Kijana anakula ugali wetu kila akija, kumbe ametuwekea vyuma vilivyokufa! Kwake inawaka, kwetu inazimika. Huo ni mchezo gani?"

Eliane hakuweza kujizuia tena. Akasimulia yote: ule mlango mdogo, doa jeupe, mfuko, na jinsi Basile alivyotazama mlangoni.

"Kwa nini hukusema siku ileile?" papa aliuliza.

"Nilitaka kuwa na hakika, papa."

Na hakika aliitafuta. Akitoka shuleni alipita mbele ya kibanda cha Basile, akajifanya anatazama vifuniko vya simu. Macho yake yakapanda rafuni. Kile kipande kilikuwa pale, na doa lake jeupe, kimewekwa wazi kama mali ya mwenyewe. Eliane alirudi nyumbani mbio, amekasirika mpaka masikio yanawaka. Mwizi! Anaiba hata sauti ya marehemu!

Papa aliposikia hivyo, uso wake ulibadilika. "Jumapili baada ya misa atakuja hapa," alisema. "Asipojieleza, nampeleka kwa mkuu wa avenyu yetu, na mashine nampa fundi mwingine. Kimanga nzima itamjua."

Jumapili Basile alikuja amevaa shati safi, akidhani ameitwa kula. Alipoona hakuna aliyemkaribisha kiti, akabaki amesimama. Eliane ndiye aliyemsomea mashtaka, na alisema bila kupumzika.

"Weye ulitoa kipande chetu. Nilikuona. Na nimekiona rafuni kwako!"

Basile alimtazama, kisha akamtazama papa. "Ni kweli," alisema. "Kiko kwangu."

"Mnaona!" shangazi akadakia.

"Kilikuwa kinakwaruza diski, Papa Eliane. Nilikijaribu kwangu kabla ya kuja, kwa diski yangu mwenyewe, ikatoka na alama. Niliogopa kuingiza humo diski ya marehemu. Kwa hiyo nikawawekea kile cha ordinateri yangu, kompyuta yangu ya kibandani, na hiki kibovu nikakaa nacho."

"Mbona hukutuambia?"

"Niliona si kitu cha kutangaza."

Maneno matamu, Eliane aliwaza. Papa naye hakulainika. "Na hii kuzimika je?"

"Hiyo sijaielewa. Ninaomba jambo moja tu. Fanyeni mbele yangu kama mnavyofanya kila siku. Sitagusa kitu."

Basile akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Papa akawasha mashine. Eliane akaingiza diski, na mstari ukaanza kutambaa. Halafu, kama kawaida yake, alichukua kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kile kikubwa kizito chenye maua pembeni, akakitandaza juu ya mashine na kukinyoosha kila pembe.

"Eliane," Basile akasema polepole, "weye unafanya nini?"

"Nafunika. Vumbi."

"Siku zote?"

"Siku zote. Kwani weye kwako hufuniki vitu vyako?" Alisema kwa dharau, maana alikuwa amekiona kibanda chake, vyuma uchi kila mahali.

Mstari uliendelea kutambaa. Baada ya muda Basile akasema, "Ingiza mkono chini ya kitambaa."

Eliane akauingiza, akautoa kwa haraka. "Mama wee! Inaunguza!"

Hajamaliza kusema, pu! Mashine ikazimika. Balbu ilikuwa inawaka.

Basile aliinuka, akakiondoa kitambaa taratibu, akawaonyesha matundu mengi madogo juu ya lile sanduku. "Inapumua hapa," alisema. "Ikikosa hewa inapata joto, na joto likizidi inajizima yenyewe isije ikaungua. Kwangu inakaa wazi, ndiyo sababu haizimiki."

Shangazi Louise aliinua macho, akawa anatazama dari. Eliane alihisi uso unamchoma kuliko ile mashine. Siku zote hizo alikuwa anachunga mikono ya Basile, na mkono uliokuwa unaizima mashine ulikuwa wake!

Waliiacha ipoe. Kisha wakaanza upya, bila kitambaa. Mstari ulifika nusu, na Aline akafumba macho. Ukavuka nusu. Ukasitasita pale palipochubuka, ukasimama, papa akashika kichwa. Ukaendelea. Ulipofika mwisho, shangazi alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia.

Wakatazama. Katika wimbo wa kwanza picha iliruka mara mbili, lakini mama alikuwepo, amevaa kitenge cha kwaya, akianzisha kwa sauti nene iliyotulia, wengine wakimpokea. Aline alitazama bila kupepesa. Mwishoni wanakwaya walianza kupanda gari la kurudi. Mama aligeuka, na mgongoni kwake alikuwamo mtoto mchanga amelala, kichwa kimeegemea bega lake.

"Mtoto huyo ni nani?" Aline aliuliza.

Eliane akamkumbatia mdogo wake.

"Ni weye," papa akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Mama yako alikuwa anaimba na weye uko mgongoni."

Baadaye papa alisimama mbele ya Basile. "Kijana wangu, nisamehe. Nilikwisha kukuhukumu kabla hujaingia mlangoni." Akawageukia watoto wake. "Sikieni wanangu. Ningemfukuza huyu leo, angeondoka na jina la mwizi, na sisi tungebaki na diski inayokufa. Ukimshuku mtu, muulize mapema, na umsikilize. Na wakati unachunguza mikono ya mwenzako, chunguza na ya kwako."

"Tonton Basile, nisamehe," Eliane alisema, akimwangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Ningekuuliza siku ileile, ungenieleza."

"Na mimi nina kosa," Basile akajibu. "Ningewaambia mapema kwamba inahitaji hewa. Nikishika kazi ninasahau kusema na watu."

Shangazi Louise alikuwa tayari jikoni, akisonga ugali wa wageni. Aline alimvuta Basile kwa mkono mpaka mbele ya televisheni.

"Rudisha," alisema. "Pale ambapo niko na mama."