Kamera Isiyotiwa Sahihi

Kamera ile haikuwa na springi hata moja, lakini ililia. Éliézer akaigeuza mkononi, akaiweka mezani. Ikalia tena, kla, kama imefyatuliwa.

Éliézer, mtu wa Lubumbashi, alikuwa fundi wa kamera za zamani za filamu. Karakana yake ilikuwa ughaibuni, Molenbeek, katika jengo lililokuwa kiwanda cha kamera. Wiki ile alibomoa ukuta wa mbao apate nafasi, akakuta nyuma yake meza ya kupimia, na juu yake kamera moja imebanwa. Alizijua meza hizo. Mpimaji alifyatua kila kamera mara elfu bila filamu, akitega sikio kama kipazia cha ndani kinafunguka na kufungwa sawasawa. Kisha alipiga picha za karatasi yenye mistari iliyobandikwa ukutani. Mistari ikitoka mikali, alitia sahihi. Kamera hii haikuwa na sahihi.

Aliona vibaya kuiacha hivyo. Akatia springi mpya, akafyatua mara elfu, akaweka filamu, akapiga karatasi ileile mchana kweupe.

Aliposafisha filamu, picha ya kwanza ilikuwa mistari tu. Katika ya pili alisimama mwanamke mwenye aproni, amegeuka mgongo. Katika ya tatu mgongo ulikuwa karibu zaidi.

Mkewe, Rolande, alipomletea chakula alisimama mlangoni, kwani ndani mlinuka mafuta ya mashine na nywele zilizoungua, na kutoka kwenye ile meza ambayo hapakuwa na mtu karibu yake, sauti ya kike ilikuwa ikihesabu polepole, bila kuvuta pumzi, kwa Kifaransa, mille deux, mille trois, elfu na mbili, elfu na tatu, na kila hesabu kamera ilijifyatua yenyewe, huku Éliézer ameketi mbele yake akitikisa kichwa kama mwanafunzi.

“Papa Sephora,” Rolande alimnong'oneza mumewe kwa jina la binti yao, “acha ile kintu. Tutoke.”

“Anaomba tu tumumalizie kazi yake,” Éliézer alisema. “Alors basi, namumalizia.”

Rolande alimvuta kwa nguvu mpaka nje, akaenda kumwita Abdul-Aziz, mwenye duka la chini, Mwislamu wa Kigoma aliyejulikana kwa kuwasomea watu wenye majini. Abdul-Aziz alisikiliza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba anayehesabu si mpimaji aliyekufa. Ni jini aliyekuwa akikaa na mpimaji huyo, na sasa hana wa kukaa naye.

“Ulichungulia ndani ya kamera?” alimuuliza Éliézer.

“Nilichungulia.”

“Kwa jicho gani?”

“La kuume.”

Abdul-Aziz akaingia karakanani. Alisoma tangu adhuhuri hadi alasiri, akanyunyiza maji, akaamuru meza ivunjwe na kamera ipondwe kwa nyundo. Kuhesabu kukakoma. Harufu ikaisha. Rolande alilia kwa furaha.

Wiki ya tatu jicho la kuume la Éliézer likaingia giza. Daktari alilipima mara mbili, akasema ni zima kabisa. Éliézer hakumwambia kwamba ndani ya giza hilo kuna mtu mwenye aproni ameketi, amempa mgongo.

Jumapili, walipotoka kanisani, walikaa jikoni wakinywa chai, Rolande upande ule wa meza na yeye upande huu. Éliézer akafunika jicho la kushoto kwa kiganja.

“Rolande,” alisema taratibu, “amegeuka.”

“Anakuangalia?”

“Hapana. Mie haniangalie. Anaangalia weye.”